Dawa Isiyotakiwa Kuganda

Walikutana kwenye duka la vyakula vya Kiafrika huko Highview, mjini Louisville, Marekani, Jumamosi ya harusi, watu wakisukumana kama vile vitu vinagawiwa bure. Kostansia alikuwa amevaa kitenge cha njano kilichombana kiunoni. Alinyoosha mkono kuchukua pakiti ya mwisho ya samaki wakavu, migebuka wa Kigoma, mkono mwingine ukaiwahi.

"Kaka, hiyo nilishaiona mimi."

"Kuona siyo kununua, dada." Kijana akacheka, kisha akaitia kwenye kikapu cha Kostansia. "Chukua. Mtu mzuri hivi asikose mboga kwa ajili yangu."

Jina lake Minani. Aliendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la Columbus, na aliishi Hilliard na mama yake. Kostansia alitoka Buffalo, mtaa wa Riverside, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee. Wote Warundi, wote walikulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Kumbe walialikwa harusi ileile, wakacheza mpaka Kostansia akashika viatu mkononi.

Baada ya hapo ikawa simu. Asubuhi simu, mapumziko ya kazi simu.

"Umeamkaje, mnene wangu?"

"Ukiniita mnene tena, nakata."

"Kata, nitapiga. Mimi napenda mwanamke akikaa kwenye kiti, kiti kijue."

Kostansia alicheka, lakini neno lile likamkaa moyoni. Presha yake ilikuwa juu, sukari nayo ilishaanza kumnyemelea, na presha ndiyo iliyomchukua mama yake mzazi. Kliniki ilikuwa mbali, na theluji ya Buffalo haina huruma kwa asiye na gari. Basi akaketi kitandani, akaongea na daktari kwa video ya simu. Daktari yule, mama mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza vipimo vyake na magonjwa ya nyumbani kwao. Hakumcheka hata kidogo. "Uzito siyo dhambi," alimwambia. Akamwandikia sindano ya kupunguza njaa, ya kujichoma tumboni mara moja kwa wiki. Ikawa inaletwa mpaka mlangoni, kwenye boksi lenye vifuko vya baridi.

Minani hakuambiwa. Kostansia aliogopa: mwili ukipungua, mapenzi je?

Januari akaenda Columbus kutambulishwa. Mama yake Minani, Adolphine, alipika tangu alfajiri: ugali wa muhogo, maharage, ndizi, na nyama ya mbuzi iliyolainika yenyewe. Kostansia akamega matonge mawili, la tatu likagoma kushuka.

"Nimeshiba, mama. Asante."

Adolphine aliitazama sahani, akaiondoa. Kwao, binti anayeletwa kutambulishwa akiacha chakula cha mama wa kijana, ameshajibu kwamba hautaki ukoo huu. Kostansia alilijua hilo, na bado aibu ikamfunga mdomo.

Simu za asubuhi zikakoma. Alipopiga yeye, Minani akapokea kwa sauti ya mgeni.

"Kosta, mama analia. Sema tu hunitaki."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?"

Kostansia akaanza kusimulia habari za theluji.

"Haya," Minani akasema, akakata.

Siku moja akiwa kazini, upepo wa mto ukigonga madirisha, ukaingia ujumbe kwamba boksi limeachwa mlangoni. Dawa ile ikiganda haifai tena, na nje hata mate yangeganda. Mwenzake Teta alimwona uso, akamnyang'anya kijiko. "Nenda, shoga. Huyu mzee nitamlisha mimi."

Alifika mbio. Mlangoni hapakuwa na boksi. Lakini pembeni palikuwa na gari lenye namba za Ohio, jimbo la Columbus, na ndani yake Minani, koti limefungwa mpaka kidevuni, tumbo limetuna kama la mjamzito.

"Boksi langu umeliona?" Hata salamu alisahau.

"Liko humu." Akafungua koti. "Limeandikwa lisigande. Sikujua ni nini. Nikasema, maadamu ni la Kosta, lisiharibike."

"Umefuata nini huku kwenye baridi?"

"Jibu. Nilitaka nilisikie nikikuangalia."

Hapo machozi yakamtoka Kostansia. Akasema yote: presha, sukari, daktari wa simu, sindano.

"Tumbo ndilo lililokataa chakula cha mama. Mimi sikukataa."

"Kwa nini ulinificha?"

"Wewe si unapenda wanene?"

Minani akajishika kichwa. "Mdomo wangu huu! Kosta, mimi natafuta wa kuzeeka naye. Kunenepa, kupungua, hayo yako na daktari. Wewe uwepo tu."

Akampigia mama yake palepale, akamweleza. Sauti ya Adolphine ikasikika kwenye spika.

"Yesu wangu, kumbe dawa! Mwanangu, mbona hukuninong'oneza jikoni? Ningekupakulia kidogo na mtu asingejua. Leo umekula?"

"Bado, mama."

"Minani, mpikie uji."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Unatafuta mke au mpishi?"

Wakaingia ndani. Kostansia aliweka dawa kwenye friji, akaketi, mabega yakamshuka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Minani alisimama jikoni na koti lake, akikoroga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kosta, nimwambie mchungaji atutangaze ndoa kanisani?"

"Unaniposa na mwiko mkononi?"

"Nikiuweka, uji utaungua."

Kostansia alicheka mpaka akafuta macho.

"Mwambie," akasema. "Ila usiache kukoroga."