Masikio ya Tembo

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kiligongagonga taratibu jikoni. Maji ya chai yalikuwa yanachemka. Chiriku alikuwa macho kitambo. Wenzake wa darasani walimpa jina hilo kwa kupenda kwake kusema, lakini asubuhi hiyo alikunywa chai kimya.

"Umemeza nini leo?" mama yake akamuuliza. "Siku ya maonyesho yenu, ningekuwa nimeshachoka masikio kwa maneno yako."

"Usingizi tu, mama."

Mama hakumbana. Alimwongezea sukari, akamfunika mabega kwa mtandio wake. Wema huo ulimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Darasa lao lilikuwa limetengeneza picha za wanyama na ndege kwa majani, manyoya, mbegu na magome ya miti. Mwalimu wa sanaa aliweka sharti moja tu: waokote kilichoanguka, wasichume wala wasibandue. Kundi la Chiriku lilipewa tembo. Magome waliyookota yalikuwa madogo, tena yalivunjika kila walipoyapaka gundi. Basi Chiriku akaenda peke yake nyuma ya kibanda cha mzee fundi cherehani, akabandua kwa kisu gome bichi la mpera wake. Masikio ya tembo yakatoka mapana, kama yanapepea. Wenzake walipouliza, alisema ameyaokota.

Kesho yake fundi aliuona mti umechunwa. Akamwendea jirani yake, mama muuza mkaa, mbele ya wateja wake.

"Mbuzi wako wamenimalizia mpera."

"Mbuzi wangu wanatafuna, babu. Huu umemenywa kama muhogo."

"Basi siku hizi wanatumia kisu," fundi akajibu kwa hasira.

Tangu hapo majirani hao, waliozoea kunywa chai pamoja, hawakusalimiana tena. Mbuzi walifungwa kamba fupi, wakawa wanalia mchana kutwa. Chiriku aliwasikia kila alipopita, akakaza mwendo.

Siku hiyo ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa wageni. Fundi alisimama upande huu, muuza mkaa upande ule, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Watu waliyasifu masikio ya tembo.

"Chiriku ndiye aliyeyapata," rafiki yake akasema.

Fundi akamgusa kichwa. "Una mikono mizuri, mjukuu wangu."

Machozi yakamtoka Chiriku. "Babu, haya ni ya mpera wako. Niliubandua mimi. Mbuzi hawana kosa."

Watu wa karibu wakageuka kumtazama.

"Ulituambia umeyaokota," rafiki yake akasema polepole.

"Niliwadanganya. Naombeni mnisamehe."

Fundi alivua kofia, akavuka ukumbi hadi kwa muuza mkaa. "Jirani, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe," mama yule akasema. "Mbuzi kawaombe mwenyewe."

Fundi akacheka hadi akashika mbavu. Chiriku na kundi lake wakayabandua masikio, na tembo wao akabaki hivyo hivyo ukutani, hana masikio, hadi maonyesho yalipofungwa.

Jioni Chiriku alikwenda kibandani. Fundi alikoroga udongo na maji, naye Chiriku akaupaka kwenye kidonda cha mti, kisha wakakifunga kwa vipande vya kitambaa. Ng'ambo ya ua mbuzi walikuwa wamefunguliwa.

"Utapona?" Chiriku akauliza.

"Utapona. Hukuuchuna kuuzunguka wote." Fundi alikaza fundo. "Kosa la kisu lilikuwa la siku moja, mjukuu wangu. Lile la kunyamaza ulilirudia kila siku, na kila siku lilimuumiza mtu asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."

"Nimesikia, babu."

Chiriku alinawa mikono, akaaga. Alikuwa ameshafika njiani fundi alipomwita.

"Kesho uje tena. Hata kama mti hauna shida, wewe njoo tu tukae."