Mistari Iliyompindia Mama Cherehani

Mama Cherehani alishona sare za shule barazani kwake. Mkono wake haukuwa na mchezo. Lakini siku hizi kila mshono aliuona umepinda katikati.

"Mashine hii imezeeka," alimwambia mumewe.

Alibadilisha sindano. Akabadilisha uzi. Fundi wa mashine akaja, akaifungua, akaifunga, akasema haina tatizo. Mama akamnunia.

Jirani yao alifanya kazi katika maabara ya macho. Jioni moja alipita kuchukua sketi ya mwanawe. Akaigeuza huku na huku.

"Dada, mshono huu umenyooka."

"Usinitanie. Mbona mimi nauona umepinda?"

Jirani akaiweka sketi chini. "Ziba jicho la kulia. Tazama fremu ya mlango."

"Imenyooka."

"Sasa ziba la kushoto."

Fremu ikapinda. Mama akaogopa. Bila macho, angeshona nini?

"Mashine yako ni nzima," jirani akasema polepole. "Tatizo liko kwenye jicho. Kwa nyuma kuna utando unaopokea picha. Umri ukisogea, mafuta huweza kujikusanya chini yake. Mojawapo ni kolesteroli. Sisi maabara tunatafuta imekaa wapi hasa."

"Mnaionaje?"

"Wewe ukipewa vitambaa viwili vyeupe, pamba na nailoni, unavitofautishaje?"

"Nachoma uzi. Pamba inakuwa majivu, nailoni inayeyuka."

"Sisi hatuchomi. Tunachukua kipande chembamba cha jicho la marehemu aliyekubali kulitoa. Tunakimulika kwa mwanga maalumu. Kila kitu huujibu mwanga kwa namna yake. Kompyuta inasoma majibu hayo, inachora ramani: hapa pana kolesteroli, pale hapana."

"Basi nimulike na mimi, uyatoe hayo mafuta."

Jirani akacheka. "Jicho lako bado unalitumia, dada. Na ramani yetu ni utafiti, si dawa. Inatusaidia kuelewa ugonjwa unavyoanza."

"Tuache mafuta ya kupikia?" mumewe, aliyekuwa akisikiliza, akauliza.

"Kula vizuri kunasaidia mwili, shemeji, lakini hakuchukui nafasi ya daktari. Mpeleke hospitali ya macho kesho. Mistari ikianza kupinda, mtu hasubiri."

Wakaenda. Daktari alikuta vimishipa vya damu vinavuja nyuma ya jicho la kulia, pale mafuta yalipojikusanya. Dawa yake ilikuwa sindano ya jichoni. Mumewe alimshika mkono, na baadaye Mama akakiri kwamba hofu ilimuuma kuliko sindano. Alirudi kila alipoitwa. Taratibu fremu ya mlango ikanyooka, ingawa si kabisa.

"Umewahi," daktari alimwambia. "Ungechelewa, tungeokoa kidogo sana."

Mama akamwomba radhi fundi wa mashine. Kisha akamwita jirani.

"Siku nikifa, macho yangu yachukueni, mkayachoree ramani. Mume wangu ameshakubali."

Jirani alimsogelea. Akamshika bega.

"Lakini msiwe na haraka," Mama akasema, akivuta kitambaa. "Shule zinafunguliwa, na hizi sare bado hazina vifungo."