Siku Babu Natogma Alipopimwa Moyo

Mzee Natogma wa Tamale, kaskazini mwa Ghana, alikuwa mpiga ngoma, kama baba yake na babu yake. Alibana ngoma kwapani upande wa kushoto, akaifinya mpaka ikasema, huku akiimba majina ya mababu wa watu. Lakini siku hizi pumzi ilikuwa inamwishia njiani. Kwenye harusi moja alianza vizuri ukoo wa bwana harusi, akafika katikati, akakaa chini ghafla akihema. Ukoo mzima ukabaki unasubiri.

Daktari wa kliniki ya moyo alimpa dawa ya shinikizo la damu. Akamwambia arudi kufanya altrasaundi ya moyo.

"Altrasaundi?" Mzee alimwuliza mkewe, Azara, walipofika nyumbani. "Hiyo si ya wanawake wenye mimba?"

"Labda na wewe unayo," alisema Azara. "Tumbo hilo si la leo."

Mzee hakucheka. Sikukuu ya Damba, siku kubwa ya machifu na wapiga ngoma wao, ilikuwa karibu. Aliogopa kwamba mashine ikishamwona, ataambiwa aitundike ngoma ukutani.

Asubuhi ya kipimo, Azara alimkalisha kwenye kigoda, akamfungulia kopo la mafuta ya shea.

"Unakwenda kuvuliwa shati mbele ya watu," alisema. "Wasije wakasema mume wa Azara amepauka."

Akampaka kifua, mgongo na mbavu. Mzee akang'aa kama bajia iliyotoka kwenye karai. Kisha Azara akamletea uji wa mawele, lakini Mzee akausukuma pembeni. Kinyozi jirani alikuwa amemwambia kwamba mashine za hospitali zinataka tumbo tupu. Na kwa kuwa dawa yake huinywa baada ya uji, dawa nayo ikabaki nyumbani.

Huko kliniki, aliyempokea yeye na Azara ni Wumpini, binti mpole ambaye kazi yake ni kupima moyo kwa altrasaundi. Huketi kutwa katika chumba chenye mwanga hafifu. Mkono mmoja hukandamiza kifaa kwenye kifua cha mgonjwa, mwingine hubonyeza vitufe, na macho hayatoki kwenye kioo cha mashine. Jioni mabega humuuma. Hata hivyo, kila asubuhi huweka chupa ya jeli kwenye maji ya uvuguvugu, ili wazee wasishtuke kwa ubaridi.

Alivuta pazia kwanza, ndipo akamwomba Mzee avue shati.

"Babu, nabandika hivi kifuani. Vinafuata mapigo ya moyo."

Kibandiko cha kwanza kiliteleza mpaka mbavuni. Cha pili kikaanguka kitandani. Kilichofuata kikaganda kwenye kidole cha Wumpini, kikakataa kutoka.

"Babu, umejipaka nini?"

"Mwulize mwenye mali," alisema Mzee, akimwelekezea kidevu mkewe.

Azara akakohoa. "Kidogo tu, mwanangu."

"Mama, hapa naweza kukaanga samaki."

Wakacheka wote. Wumpini akachukua taulo, akamfuta taratibu kama anayemwogesha mtoto.

"Siku nyingine aoge tu, asipake mafuta," alisema. "Kwenye mafuta vibandiko havishiki. Mafuta yako ni mazuri, mama. Mpake tukishamaliza."

Mara tumbo la Mzee likanguruma.

"Babu, umekula?"

"Sijala. Na dawa sijanywa. Nimefuata masharti."

"Masharti ya nani?"

"Ya kinyozi."

Wumpini alishusha pumzi. "Kipimo hiki cha juu ya kifua hakina kufunga. Unakula kama kawaida, unakunywa dawa zako kama kawaida. Kipimo kikihitaji ufunge, sisi wenyewe tutakuambia. Kinyozi tumwachie nywele."

Akatoka kumwuliza daktari. Daktari akasema Mzee ale, anywe dawa, apumzike kwanza. Wumpini akamwingiza mgonjwa mwingine. Azara akaenda kununua uji nje na kuchukua dawa nyumbani.

Mzee aliporudi kitandani, nguvu zilikuwa zimemrudia. Wumpini akamlaza kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto juu ya kichwa.

"Kwapa hili halijazoea kukaa wazi," alinung'unika Mzee. "Mashine hii inachoma?"

"Haichomi. Inatuma sauti ambayo hatuisikii. Sauti inagonga moyo, inarudi, inachora picha. Utasikia nakukandamiza tu."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Wumpini akamtajia babu yake, na Mzee hapo hapo akaanza kumwimbia ukoo. Picha ikaruka huku na huko.

"Babu, mababu zangu wanatikisa picha."

"Sasa ninyamaze mbele ya mjukuu wa watu wakubwa?"

"Nyamaza. Toa pumzi. Ishikilie hapo hapo. Usiimbe."

"Mke wangu mdogo ni mkali," Mzee akamwambia Azara.

"Mchukue leo hii, mwanangu," Azara akamwambia Wumpini. "Nguo zake nitakufungia."

Wumpini akabonyeza kitufe. Mvumo ukajaa chumbani, ukija na kurudi.

"Nani huyo anayepiga?" Mzee aliuliza.

"Ni damu yako, inapita kwenye mlango wa moyo."

Mzee akasikiliza bila kupepesa macho. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Niambie, mjukuu wangu. Niitundike ngoma?"

Wumpini akamfuta jeli kifuani. "Babu, kazi yangu ni kupiga picha nzuri na kupima. Anayezisoma ni daktari. Nikikisia, nitakutisha bure au nitakufariji bure. Lakini sitakuacha ulale na wasiwasi. Nazipeleka sasa hivi."

Na kweli, siku hiyo hiyo daktari aliwaita. Ukuta wa moyo ulikuwa umekuwa mnene kwa sababu ya shinikizo la muda mrefu, na mlango mmoja ulikuwa unavuja kidogo. Mzee anywe dawa kila siku, apunguze chumvi, na arudi kupimwa.

"Na ngoma?" aliuliza Mzee.

"Piga ukiwa umekaa. Ukichoka, acha, wenzako wakupokee."

Tangu siku hiyo Azara hampi uji bila dawa kando yake. Mchuzi aliupunguzia chumvi. Mzee alilalamika kwamba unafanana na maji ya kunawia mikono, lakini aliumaliza.

Siku ya Damba, Mzee Natogma alipiga akiwa kwenye kigoda. Azara alisimama kati ya wanawake. Majina hakuyafuatilia sana. Alikuwa anasikiliza pumzi ya mumewe, na haikukatika mpaka jina la mwisho.

"Umenisikia?" Mzee alimwuliza akiinuka.

"Nimekusikia. Umeruka jina moja."

Mzee akabishana naye njia nzima hadi nyumbani, bila kusimama kupumzika.