Aliyesema Anamjua Mama

Nilifika ofisi ya usajili wa hati jua linaelekea kuzama, ukungu wa Poush, mwezi wa baridi, umeshaanza kushuka barabarani. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tano. Mara zote nne nilikuwa nimeambiwa kitabu cha alama za madole hakionekani. Safari hii niliapa sitoki humo bila kukiona, hata wanifungie ndani.

Mume wangu, Baba Shiuli, alinishusha getini na baiskeli yake.

"Mama Shiuli, giza linaingia! Twende zetu, utarudi Jumapili wakifungua."

"Jumapili ndiyo siku Kuddus anayonitoa nyumbani, umesahau? We kanywe chai hapo, uningoje."

Kuddus ni kaka yangu, tumbo moja. Mama yetu alifariki Jumatatu, tukamzika siku hiyohiyo. Nilimwosha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa maji ya majani ya mkunazi, nikampaka kafuri, nikamfunga sanda. Hata arobaini haijafika, Kuddus akaja na karatasi: eti Mama amempa hiba ya kila kitu, mashamba na nyumba. Nyumba ninayolala mimi! Mto ulipomeza ardhi ya mume wangu, Mama ndiye aliyetupokea, na akasema mbele ya majirani kwamba nyumba hii ni ya binti yake, kisha akaninong'oneza, 'Ni yako, Monu.' Monu ndiye mimi. Watu wananiita Monowara. Mama peke yake ndiye aliyeniita Monu, tena tukiwa wawili tu.

Sasa sikia ujinga wa kaka yangu. Hati ilisajiliwa Jumatano, Mama ana siku mbili kaburini! Wallahi nilicheka. Nikajua amemkodi bibi kizee wa mtaani, akamkalisha kwenye kiti cha Mama. Lakini dole gumba halidanganyi. Nikimwonyesha hakimu dole la mtu baki, Kuddus ataozea jela na mimi nitabaki kwangu.

Ndani ya masijala alikuwamo mzee Nogen, karani wa kunakili hati, anafunga madirisha. Mtu mwembamba, midomo myekundu kwa tambuu. Aliponiona akashusha pumzi.

"Mama, we huchoki?"

"Sichoki. Kibali cha kuona kitabu hiki hapa, kina muhuri. Toa kitabu."

Akaniangalia, akaangalia mlango. Nilidhani anataka kitu kidogo, nikaanza kufungua pindo la sari. Akatikisa kichwa.

"Sitaki chochote. Nataka tu uondoke kabla ya magharibi."

"Basi fanya haraka."

Umeme ukakatika. Mzee Nogen akawasha kandili, akaingia kati ya rafu. Nilisikia akivuta kitu kizito… kisha kimya… kisha harufu.

Kafuri.

Nikajiambia ni dawa ya mende. Ofisi hizi zimejaa mende. Lakini nyuma ya kafuri palikuwa na majani ya mkunazi, na mende hawaoshwi kwa mkunazi.

Akaweka vitabu viwili mezani, kimoja kipya, kimoja cha miaka kumi na tisa nyuma, Mama alipouza shamba la juti ya magunia baada ya msiba wa baba. Akafungua cha zamani kwanza. Dole la Mama hilo hapo, na kovu lake likikata katikati, kovu la kisu cha kuparia samaki. Kovu hilo nilikuwa nimelisugua kwa vidole vyangu siku ya kumwosha.

Akafungua kipya. 

Kovu lilelile, limepinda palepale.

"Haiwezekani," nikasema. Nikalipitishia kidole changu, kama vile lingefutika.

Likafutika.

Wino ulikuwa mbichi. Siku thelathini na sita, na wino ulikuwa mbichi! Kidole changu kikawa cheusi.

"Kila asubuhi nalikuta hivyo," mzee Nogen akanong'ona. "Nimeweka karatasi ya kufyonza. Nimeweka chokaa. Halikauki."

"Nani alikuja hapa, mzee? Sema kweli."

"Walikuja saa ya kufunga. Kaka yako mkono huu, fakiri mmoja, mganga wa ng'ambo ya mto, mkono ule. Yeye katikati, na shali mpaka puani. Bwana Msajili alikuwa na safari, hata uso hakuinua. Mimi ndiye niliyemshika dole kulipaka wino." Akajifuta kiganja kwenye nguo. "Nimeshika wagonjwa wengi, mama. Ule haukuwa mkono wa mgonjwa. Na alipoondoka, kiti kilikuwa na tope."

"Msukule," nikasema.

"Mimi sijalitaja neno hilo."

Nilikaa chini. Sitaki kudanganya, kilichoniuma kwanza hakikuwa hofu. Iliniuma kwamba ni yeye. Mtoto wa kike nimemlisha, nimemgeuza kitandani miezi mitatu, halafu anafufuka kwenda kumwandikia mwanawe wa kiume? Mama, hata wewe?

Mzee Nogen akataka kufunga kitabu. Nikaona anaziba sehemu ya chini ya ukurasa kwa kiganja.

"Hapo pana nini?"

"Hapana kitu."

"Toa mkono, mzee."

Hakutoa. Nikautoa mimi.

Anayeweka dole lazima awe na mtambulishaji, mtu wa kusimama mbele ya Msajili na kusema: namjua huyu, ndiye mwenyewe. Jina la mtambulishaji huandikwa chini ya dole, na sahihi yake. Nilisogeza kandili. Sahihi ile ninaijua, yenye mkia mrefu wa kujisifu.

Jobbar Molla. Baba Shiuli. Mume wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia. Mimi nilikuwa nakipikia wali.

Nilitoka nje. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa, ukungu umefunika barabara nzima. Alikuwa amesimama na baiskeli, chai hakunywa. Akaona kidole changu, akajua.

"Mama Shiuli…"

"Alikuahidi nini?"

"Kiwanja sokoni. Kwa jina langu." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Miaka sita naitwa mume wa nyumba ya mkwe. Hata watoto wananicheka. Kuddus akasema atatafuta bibi kizee yeyote, mimi niseme tu namjua. Uongo mdogo."

"Ukasema."

"Nilipoingia, akashusha shali." Akaanza kulia, mwanaume mzima. "Nilimjua, Mama Shiuli. Nilimjua kweli. Kinywani alikuwa na pamba bado."

Pamba hiyo niliiweka mimi.

Nikashika usukani wa baiskeli. Lakini lilibaki swali moja. Msajili yeyote, hata awe na haraka vipi, humuuliza mwenye mali kama anatoa kwa hiari yake.

"Mama alijibu nini?"

"Hakujibu. Aliulizwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Fakiri anamfinya kiwiko, mkono haunyooki. Mara ya tatu akanigeukia mimi. Akatoa ile pamba…"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Monu anajua?'"

Jina hilo sikuwahi kumwambia mume wangu. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Adhana ikaisha.

"Nikamwambia unajua. Nikamwambia umekubali, ndiyo maana umenituma mimi." Akajifunika uso. "Ndipo akanyoosha dole."

Kesi sikufungua. Ningemwambia nini hakimu? Dole ni lake, na mume wangu ndiye shahidi. Nimepanga chumba mjini, mimi na Shiuli peke yetu. Naambiwa Kuddus hakai katika nyumba ile; kila akipaka chokaa, asubuhi ukuta una madole meusi. Fakiri haonekani ng'ambo wala huku.

Watu wa hapa wananiona kichaa kwa sababu nalala mlango wazi, kwenye baridi hii. Waache waseme. Ikiwa Mama bado anatembea, basi anazunguka kuuliza. Nataka safari hii anikute mimi.