Padri Aliyefunga Hata Pasaka

Katika parokia moja ndogo pembeni mwa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, aliyekula vizuri kuliko wote alikuwa paka.

Paka huyo hakuwa na jina. Kazi pia hakuwa nayo. Panya walipita mbele yake bila wasiwasi, kidogo tu wamsalimu. Lakini kila mchana alikula wali, maharagwe na nyama, na jioni akala tena. Alinenepa mpaka akashindwa kupanda ukuta wa parokia.

Chakula hicho kilikuwa cha Padri Muthengi.

Mpishi wa Padri aliitwa Ndinda. Mumewe, Nzuki, alikuwa katekista. Yaani aliwafundisha watu dini, na aliongoza sala Padri asipokuwepo. Waliishi na binti yao Mwende katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Ndinda alipeleka sahani ikiwa imejaa. Alipokwenda kuichukua, bado ilikuwa imejaa.

"Baba Mwende," alimwambia mumewe, "Padri hajala tena."

"Amefunga."

"Hata jana hakula."

"Hata jana alifunga. Kwani wewe ulitaka padri mlafi?"

Ndinda akachukua sahani. Akamwita paka.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Waislamu, ambao ndio wengi Garissa, walifunga. Wakatoliki, ambao wanatosha kwenye mabenchi machache, nao walifunga. Mchana mji mzima ulikuwa na njaa. Mtu mmoja asiyekula angejulikanaje?

Jumapili Nzuki alisimama mbele ya waumini. "Ndugu zangu," alisema, "Padri wetu anafunga kuliko sisi sote! Tumpigie makofi!"

Watu wakapiga makofi. Padri akainamisha kichwa, akaishika altare kwa mikono miwili.

"Mnaona unyenyekevu huo?" mama mmoja alinong'ona.

Haukuwa unyenyekevu. Padri alikuwa anatafuta mahali pa kushika asianguke.

Katikati ya Kwaresima alifika mgeni, Sista Wakesho. Alikuwa muuguzi na mshauri. Alizunguka parokia mbalimbali akiwapima mapadri.

"Unawapima nini?" Nzuki aliuliza. "Sukari?"

"Sukari, hapana. Napima dhiki ya kiroho."

"Hiyo ina mashine?"

"Ina maswali. Mtu anaulizwa kuhusu sala zake, usingizi wake, chakula chake, furaha yake. Majibu yanatuonyesha kama anaumia ndani, na anaumia kiasi gani."

Nzuki akavuta kiti, akaketi kati ya Sista na Padri.

"Padri," Sista alianza, "siku hizi unalala vizuri?"

"Padri wetu halali," Nzuki alijibu. "Anakesha akisali."

"Unakula?"

"Anafunga."

"Una furaha katika kazi yako?"

"Furaha tele! Muulize mtu yeyote."

Sista akamtazama Padri. Padri akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. "Katekista anajua yote," alisema.

Sista akafunga karatasi zake. "Sawa. Leo nimempima katekista. Ni mzima kabisa. Padri nitampima siku nyingine."

Alipokuwa akitoka, alimwona paka amelala karibu na geti. Hata askari wa getini alilazimika kumruka.

"Mama, huyu paka anakula nini?" alimuuliza Ndinda.

"Makombo tu, Sista."

"Makombo ya watu wangapi?"

Ndinda alicheka. Kisha akaacha kucheka. Nzuki alikuwa nyuma yake. Sista hakuuliza tena. Alimpa Ndinda namba yake ya simu, akaenda zake.

Idd ikafika. Khadra, jirani aliyeuza maziwa ya ngamia, alileta pilau na maziwa kama alivyofanya kila mwaka. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Habaswein. Watu walimwita Mama Aweys. Alimkuta Ndinda jikoni.

"Abaayo, dada yangu, leo sote tule!" alisema. "Nyinyi Kwaresima yenu bado, lakini pilau yangu haijui Kwaresima."

Wakacheka. Ndinda akampelekea Padri sahani. Baada ya muda akairudisha ikiwa imejaa. Khadra aliitazama ile sahani, akaacha kutafuna.

"Padri wenu ni mgonjwa," alisema.

"Amefunga, Mama Aweys."

"Nani? Mimi nimefunga mwezi mzima, usinifundishe. Mtu aliyefunga anangoja jua lizame. Anaangalia saa. Akisikia harufu ya sambusa, macho yanamtoka. Padri wenu nimemwona pale kibarazani siku nyingi. Hangoji kitu. Wallahi, hangoji kitu chochote."

Jioni Ndinda alimweleza mumewe.

"Mama Aweys anajua nini kuhusu Kwaresima?" Nzuki alifoka. "Na wewe, mambo ya Padri usiyatoe nje ya ukuta huu. Tuko wachache hapa. Unataka tuchekwe?"

Paka akapata pilau ya Idd.

Kisha ikaja Pasaka. Sasa hata Wakatoliki walikuwa wamemaliza. Walichinja mbuzi. Watoto walikunywa soda mpaka wakabeua kwa zamu. Padri aliongoza misa. Alipofika kwenye Aleluya, sauti ikakatika. Alisimama hivyo hivyo, mdomo wazi. Nzuki akaimba haraka kumfunika. Waumini wakadhani Padri amezidiwa na furaha ya ufufuko. Wakapiga makofi.

Mchana Khadra alichungulia getini. "Yenu imeisha?"

"Imeisha," Ndinda alijibu.

"Amekula?"

Ndinda alimtazama paka. Paka alikuwa anajilamba mafuta ya mbuzi mdomoni.

"Sasa Yesu amefufuka," Khadra alisema polepole, "yeye anafunga nini tena?"

Ndinda akatoa simu, akampigia Sista Wakesho. Hakumwomba mumewe ruhusa.

Sista alifika kesho yake. Nzuki akavuta kiti chake.

"Katekista, wewe nilishakupima," Sista alisema. "Tafadhali, toka nje."

Mlango ukafungwa. Nzuki akabaki nje na paka.

"Padri," Sista alisema, "majibu haya ni yako. Sitampa katekista wala mkubwa wako. Nikiona maisha yako yako hatarini, hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia wewe kwanza. Sawa?"

"Sawa."

"Jibu hivi: sijawahi, mara chache, mara nyingi, au kila siku. Umehisi kwamba Mungu amekuacha?"

Padri alicheka kidogo. "Sista, padri anaulizwa swali hilo?"

"Padri ndiye wa kuulizwa kwanza. Fundi wa viatu akihisi hivyo, bado anaweza kushona. Wewe kazi yako yote iko hapo."

"Kila siku," Padri alisema.

"Umemkasirikia Mungu?"

"Kila siku."

"Ukisali inakuwaje?"

"Nasoma maneno tu. Ni kama kupiga simu. Inalia, inalia, haishikwi."

"Umetamani usiwepo duniani?"

Hapo Padri aliinamisha uso. "Sijapanga kujiua. Lakini nikiamka asubuhi, nasikitika kwamba nimeamka."

"Asante kwa kuniambia. Ilianza lini?"

Padri akamsimulia habari za Mwalimu Wanza. Alikuwa msichana mchangamfu, mwanakwaya. Kabla ya shule kufunguliwa Januari, alikuja kumuuliza, "Padri, nirudi kufundisha kule shuleni kwangu, au nibaki kwetu? Naogopa barabara." Padri akamjibu, "Rudi, binti yangu. Mungu atakulinda." Basi lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Mwalimu Wanza hakufika.

"Nilimzika mimi," Padri alisema. "Mama yake alinishukuru kwa mahubiri mazuri. Alinishukuru, Sista!"

Akalia. Sista hakumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo Padri alikuwa ameyasikia mazishini mpaka yakamchosha. Sista alingoja tu.

Kisha akasema, "Hii si dhambi. Si imani haba pia. Ni dhiki ya kiroho, na sasa imefika mwilini. Roho haikai peke yake kabatini. Ikiumia, usingizi unakimbia, chakula hakipiti, furaha inakauka. Na mwili ukidhoofika hivyo, sala inazidi kuwa nzito."

"Nitaongeza sala."

"Sala utasali. Lakini leo tunaonana na daktari. Na usiku wa leo hulali peke yako."

Jikoni, Nzuki alikuwa anangoja. "Sista, si ungemwombea tu?"

"Nitamwombea ndani ya gari. Gari litakuwa linaelekea hospitalini."

"Lakini watu watasemaje? Padri kuumwa roho! Ni kama fundi wa maji kufa kiu."

"Kwani fundi wa maji hana koo?" Sista aliuliza. "Mliona hali chakula, hasemi na mtu, anasimama kwa kushikilia altare. Mlitakiwa kumuuliza: Padri, uko vipi? Kisha mnyamaze mjibiwe. Nyinyi mlimpigia makofi. Mtu anayepigiwa makofi atasemaje kwamba anazama?"

Nzuki alitazama chini. Ndinda naye pia.

Padri akapelekwa hospitalini, kisha Nairobi kwa matibabu. Jumapili iliyofuata Nzuki alitangaza, "Padri wetu amekwenda masomoni."

Hayo ndiyo aliyosema kanisani. Nje ya kanisa alinong'ona mengine. "Alianza kukonda alipoanza kunywa maziwa ya yule mwanamke. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Maneno yakavuka ukuta. Waumini wakaacha kununua maziwa kwa Khadra. Mmoja alimwaga ya kwake barabarani, mbele ya kibanda cha Khadra, ili aone. Khadra aliona. Tangu siku hiyo hakufika tena getini.

Ndinda alimpigia Padri simu, akamweleza yote huku analia.

"Waambie ukweli," Padri alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuruhusu. Nimechoka kuwa mtakatifu."

Jumapili, baada ya matangazo, Ndinda alisimama. Nzuki alimvuta kanga. Ndinda hakukaa.

"Padri hakwenda masomoni," alisema. "Anaumwa. Roho yake iliumia, mwili ukafuata. Hakuwa amefunga. Alishindwa kula, na sisi tukampigia makofi. Mimi niliona sahani zikirudi. Nikalisha paka, nikanyamaza. Aliyeona ugonjwa ni Mama Aweys, ambaye hajui hata Baba Yetu. Anayesema maziwa yake yana sumu asimame, anitazame mimi. Nimeyanywa miaka yote. Nimekufa?"

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyepiga makofi pia. Labda hayo ndiyo makofi pekee ambayo yangefaa mwaka ule, na hayakupigwa.

Padri alirudi mvua za vuli zilipoanza. Hakurudi peke yake. Alikuja na padri mwenzake kijana, Padri Ekidor, ambaye alikoroma mpaka kuta zikasikia. Lakini nyumba yenye mkoromo si nyumba tupu.

Mambo mengine nayo yalibadilika. Padri alikunywa dawa zake kama daktari alivyomwagiza. Kila wiki alizungumza na padri mzee aliyekuwa mshauri wake. Sista Wakesho alikuja kuwapima wote wawili, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Kiti cha katekista kiliwekwa nje, chini ya dirisha lililofungwa pia. Na Padri hakuletewa tena sahani chumbani. Alikula mezani na watu: leo kwa Ndinda, kesho kwa familia nyingine.

Siku moja Ndinda alijikaza akamuuliza, "Padri, ile simu sasa inashikwa?"

"Siku nyingine inashikwa. Siku nyingine inalia tu. Lakini sasa singoji peke yangu."

Nzuki hajamwomba Khadra msamaha mpaka leo. Akimwona, anavuka barabara. Lakini chai ya maziwa yake anakunywa, tena vikombe viwili.

Padri yeye alichukua jagi, akaenda mwenyewe hadi kwenye kibanda.

"Mama Aweys, nimefuata maziwa."

Khadra aliendelea kufuta meza. "Watu wa kanisa hawanunui hapa. Walisema natia sumu."

"Nilisikia."

"Mimi ndiye niliyesema wewe ni mgonjwa. Mimi! Na baadaye nikawa mchawi. Aweys alichekwa shuleni. Wewe ulikuwa wapi useme hapana?"

"Sikuwepo," Padri alisema. "Nisamehe."

Khadra alimtazama usoni. Mashavu ya Padri yalikuwa yamerudi kidogo. Akachukua kikombe, akamimina maziwa.

"Sikuuzii ya kubeba," alisema. "Kunywa hapa hapa. Nikuone ukimeza."

Padri akanywa mpaka mwisho, mbele ya wateja wote. Kisha akanyoosha kikombe mbele, akakitazama kibuyu cha maziwa, akangoja.

"Unangoja nini?" Khadra aliuliza.

"Uniongeze."

Khadra akageuza uso upesi, kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni. Akamwongeza.

Juu ya ukuta wa parokia, paka aliwatazama kwa hasira. Alikuwa amekonda. Alikuwa amepanda mwenyewe.