Karatasi Iliyotobolewa kwa Msumari

Kila jioni nikitoka shule nililisha kuku, nikala mkate wa mahindi wa Bibi, kisha nikajificha. Nilikuwa namkwepa Babu Hosea na karatasi zake. Zilibaki siku nne tufikie Jumamosi na Jumapili ambazo huku kwetu Alabama huachiwa watoto tu, wakisimamiwa na mtu mzima, wawinde bata mzinga wa mwituni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na dume langu la kwanza nililitaka kuliko kitu chochote. Kazi ya kulipata ndiyo sikuitaka.

Kazi yenyewe ni hii. Unachora kichwa cha bata mzinga kwenye karatasi, unaisimamisha hatua arobaini, unapiga mara moja, unahesabu marisau, zile chembe zinazotoka ndani ya risasi moja. Kisha unabadili risasi, au unabadili kibano kinachokazwa mdomoni mwa bunduki ili chembe zisitawanyike, unapiga tena mpaka upate risasi na kibano vinavyopatana. Kila ukipiga, bunduki inakupiga teke la bega.

Siku hiyo akaja binamu yangu Royce, miaka kumi na minne, domo kaya asiyejua lolote. Alikuwa na kibano kipya, chembamba kuliko vyote dukani.

"Maylene, nyie bado mnapiga karatasi? Ushamba huo! Kikibana sana, ndege anaanguka hata hatua sitini. Chukua hiki, ninacho kingine."

Nami, mpumbavu wa kumfuata mpumbavu, nikachukua. Nikakikaza, nikatia risasi alizonipa, kisha nikaitoboa karatasi kwa msumari, matundu ishirini kichwani. Babu aliitazama kwa muda.

"Umeipiga mwenyewe?"

"Ndiyo, Babu."

"Haya."

Jumamosi alfajiri Babu alikwaruza kibao chake cha kuigiza sauti ya jike, dume likaja limetuna, hatua thelathini tu. Nikapiga. Manyoya yakaruka, dume likakimbilia vichakani likiburura bawa. Tulilitafuta mpaka saa sita mchana, tukaambulia damu kwenye majani. Nililia, na nilistahili kulia.

Kwetu anayekosa hukatwa pindo la shati, nalo hupigiliwa kwenye ukuta wa kibanda chetu cha kuwindia. Babu alichukua mkasi. Royce, aliyekuja kutazama, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa ipige karatasi," Babu akaniambia. Nikapiga. Chembe zilijaa pembeni. Kichwani ziliingia mbili.

"Zikibanwa kupita kiasi zinagongana, zinakwenda zinakotaka," akasema.

"Babu, ile nilitoboa kwa msumari."

"Nilishuku. Lakini uliniambia ndiyo, nikakuamini kuliko macho yangu. Yule ndege ametulipia wote wawili." Akamgeukia Royce. "Na wewe mtaalamu, karatasi yako iko wapi?"

"Mimi? Mimi... sihitaji, Babu."

"Piga."

Royce akapiga. Kichwani haikuingia hata moja. Kicheko kikamkauka, na pindo la shati lake jipya likaenda ukutani kando ya langu. Loo, nilifurahi! Hapo sisemi uongo.

Alasiri nzima nilipiga karatasi kwa kibano cha zamani na risasi za Babu, bega likavimba. Hatua arobaini, chembe kumi na nane kichwani. Hatua hamsini, nne.

Jumapili alfajiri dume jingine lilikuja, likasimama hatua hamsini, likagoma kusogea. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho mwaka ule. Nikazikumbuka zile chembe nne. Nikaishusha bunduki, nalo likaondoka zake taratibu.

Tulirudi kibandani. Hapo Babu akachukua nyundo, akaipigilia ile karatasi ya msumari katikati ya mapindo mawili.

"Ulinidanganya mimi, jana ndege akaumia," akasema. "Leo umeiambia nafsi yako ukweli, ndege yuko mzima. Mwakani atakuwa mkubwa zaidi. Haya, twende kanisani, Bibi yako anangoja."