Ekzosi Mbili za Jiji la Majabali

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, pikipiki mia mbili ziliwashwa kwa pamoja katika uwanja wa hospitali kuu ya Majabali, na njiwa waliokuwa wakidonoa makombo kati ya matairi hawakushtuka. Mgeni aliyesimama langoni angedhani injini zimegoma, mpaka aone mvuke mweupe ukitoka nyuma ya kila pikipiki na madereva wakiondoka mmoja mmoja, wamebeba masanduku ya baridi yenye damu na chanjo, kuelekea zahanati zilizojengwa juu milimani, katikati ya mawe makubwa yaliyolipatia jiji hilo jina lake.

Hiyo ilikuwa kazi ya kimezasauti, kifaa kilichofichwa ndani ya ekzosi. Pikipiki za Majabali ziliendeshwa kwa haidrojeni iliyotengwa kutoka kwenye maji ya ziwa, kwa kuwa betri zilishindwa na ile milima tangu zamani. Kwa hiyo zilikuwa bado na pistoni, na ekzosi, na kelele. Lakini ndani ya kila ekzosi ya kiwandani mlikuwa na ubongo mdogo, usiozidi punje ya harage, uliosikiliza kila mlipuko wa injini na kuujibu papo hapo kwa wimbi la sauti lililo kinyume chake. Mawimbi hayo mawili yalikutana kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake: mlango hausogei. Kilichobaki ni ukimya.

Aliyekibuni ni Mhandisi Holo Lugembe. Alikulia kando ya barabara ambako madereva walitoboa ekzosi zao makusudi ili zingurume, na mama yake, muuguzi wa zamu za usiku, alilala mchana akiwa na pamba masikioni. Kimezasauti cha kwanza kilipofungwa kwenye pikipiki za mtaa huo, mama alikuwa bado hai. Alilala saa saba mfululizo bila kugeuka, na Holo alikaa mlangoni akimtazama kama mtu anayelinda hazina. Katika tuzo zote alizopata baadaye, hakuna aliyoithamini kuliko usingizi ule.

Halmashauri ikapitisha sheria. Kila pikipiki ifungwe ekzosi ya kiwandani. Ekzosi za kuchonga, zile za mafundi wa mitaani, zikapigwa marufuku. Katika kila njia panda ikasimamishwa nguzo yenye sikio la jiji, mashine iliyopima sauti na kutoa taarifa ya chombo chochote kilichozidi desibeli hamsini. Miaka minane ilipita hivyo. Watu walitoka mbali kuja kuusikiliza ukimya wa Majabali, na sasa miji mingine kumi na miwili ilikuwa imeomba kimezasauti. Holo, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa majivuno, alianza kutembea kama mwenye jiji.

Ndipo Jumanne moja sikio la jiji likamnasa Nkwimba Malale.

Nkwimba alikuwa dereva wa damu, mwanamke wa miaka ishirini na sita asiye na kosa hata moja kwenye kumbukumbu zake. Pikipiki yake ilipimwa desibeli sitini na moja. Ilikuwa na ekzosi ya kuchonga. Kesi ilipangwa Ijumaa mbele ya halmashauri, na Holo akaombwa kutoa ushahidi wa kitaalamu. Angeweza kutuma takwimu tu. Akaenda mwenyewe kwenye uwanja wa vyombo vilivyokamatwa, kwa sababu alitaka kumwona mtu ambaye, baada ya yote yale, bado alitaka kelele.

Alimkuta ameketi juu ya kofia yake ngumu, kando ya pikipiki. Holo alimuuliza kwa upole sababu ya kuitoa ekzosi ya kiwandani. Nkwimba alisema hakuichukia. Aliipenda, na angebaki nayo mpaka uzee, kama si yaliyompata mwenzake Mihayo. Mihayo alikuwa akishuka mteremko wa Jiwe la Fisi na chupa nne za damu. Oili ilikuwa imevuja bila yeye kujua. Chuma kikasagana na chuma, injini ikanoki, gurudumu la nyuma likakwama ghafla kama lililofungwa kamba. Damu ilifika, maana aliikumbatia alipoanguka. Lakini Mihayo hatatembea tena bila magongo. Naye alikuwa wa nne mwaka huo.

Holo aliwakumbuka. Taarifa zote nne zilipita mezani kwake, na zote zilikuwa na maneno mawili chini: uzembe wa dereva. Akamkumbusha Nkwimba kwamba kuna taa ya tahadhari kwenye dashibodi.

"Taa husema injini ikiwa imeshakufa, mhandisi," Nkwimba alijibu. "Sikio hujua kabla. Wewe umetuziba masikio."

Holo aliinama nyuma ya pikipiki. Akauliza ni nani aliyeichonga ile ekzosi. Aliposikia jina, akaenda mwenyewe kumtafuta.

Salu Ndaki alisoma naye chuo cha ufundi, meza moja, miaka mitatu. Holo alichukuliwa kiwandani na Salu akafungua gereji chini ya mlima. Kwa miaka kumi hawakuwa wameonana. Alipomwona akiingia, Salu alifuta mikono kwa tambara na kumpa kifundo cha mkono akishike, kwa kuwa viganja vilikuwa vimejaa grisi. Hakuonyesha hasira wala bashasha. Alimwekea ekzosi nyingine ya namna ile juu ya benchi.

Haikuwa na ubongo wowote ndani. Ilikuwa na vyumba vitatu vya chuma kilichofuliwa kwa nyundo, kila kimoja na umbo lake, na humo ngurumo ilizunguka na kuchoka kabla ya kutoka. Salu alieleza kwamba mwaka mzima aliharibu zaidi ya ekzosi arobaini akitafuta maumbo hayo. Hakutaka kuua sauti. Alitaka kuitoa kelele na kuiacha habari.

Holo akataka kupima. Wakachukua injini mbili zinazofanana, moja yenye ekzosi ya kiwandani na nyingine yenye ya Salu, wakapunguza oili katika zote mbili kwa kiasi kimoja, wakaziwasha kwa zamu. Ya kwanza ilizunguka kimya, laini kama maji. Holo aliinamisha sikio mpaka karibu aungue kwa joto, asisikie kitu. Sekunde ya arobaini taa ya tahadhari iliwaka. Sekunde ya arobaini na moja injini ilikwama.

Kwa ekzosi ya Salu, mngurumo ulitoka wa chini na mzito. Sekunde ya tisa ukabadilika: ndani yake ukaingia mkwaruzo mwembamba, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Salu akazima. Injini ilikuwa nzima.

Sekunde thelathini na moja kati ya mkwaruzo na taa. Holo alizihesabu kimoyomoyo, akimwona Mihayo kwenye mteremko wa Jiwe la Fisi. Akakaa juu ya tairi.

"Kwa nini hukuniambia, Salu?"

"Nilikuandikia mara mbili. Nikajibiwa siku ileile, kwa lugha nzuri sana, kwamba maoni yangu yanathaminiwa."

Jibu hilo Holo alilijua. Alilitunga mwenyewe, akampa karani-mashine wa ofisi yake alitumie kwa kila barua kutoka mitaani.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wa kwanza kusema alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, mama mnene mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alisema kabla ya kimezasauti vichanga vyake vilishtuka kila pikipiki ilipopita, na kila mshtuko ulikula uzito ambao mama zao walihangaika wiki nzima kuwaongezea. Aliomba kelele isirudi. Holo alimsikiliza huku akimwona mama yake mwenyewe, na pamba masikioni.

Kisha akasimama yeye. Alisoma matokeo ya gereji bila kupunguza kitu, akaweka juu ya meza zile taarifa nne.

"Maneno haya mawili hapa chini yafutwe," alisema. "Madereva hawa hawakuwa wazembe. Mimi ndiye niliyewanyima kusikia."

Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa kwamba miji kumi na miwili inasikiliza. Alisema anaelewa. Akaeleza kwamba yule muuguzi amesema kweli na Nkwimba pia amesema kweli, na kwamba kati ya ngurumo na ububu kuna nafasi, na fundi mmoja ameshaifikia kwa nyundo.

Walibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe halmashauri ilimwachia Nkwimba pikipiki yake na kuruhusu ekzosi za kuchonga zisizozidi desibeli sitini, kila moja ipimwe kwanza. Na kando ya wodi madereva wazime injini na kusukuma. Salu alitakiwa kupunguza desibeli moja. Jumamosi jioni alikuwa ameshaipunguza. Taarifa nne zilisahihishwa, na nakala ya kwanza Holo alimpelekea Mihayo kwa mkono wake. Mihayo aliisoma mara mbili, akaikunja, akamwomba mkewe aiweke pamoja na cheti chao cha ndoa.

Miji tisa iliondoa maombi yake. Kiwanda kilimwondoa Holo kwenye ukuu wa idara. Alitazamia kuumia, na aliumia kidogo. Lakini madereva walipokuja gerejini kwa Salu wakiwa wamejipanga foleni, na Holo ameketi kwenye benchi akiwapimia ekzosi moja moja, alihisi kitu kilichomjaza kifua kuliko tuzo zote. Wazee wa mtaa walianza kuwatambua wapita njia kwa mlio: huyu Nkwimba, huyu yule wa chanjo. Na madereva walikaa wima juu ya pikipiki zao, kama watu walioitwa kwa majina yao.

Mwisho wa mwezi Holo alifunga ekzosi ya Salu kwenye pikipiki yake mwenyewe. Alirudi nyumbani jua likizama, akapanda kilima chao taratibu, injini ikisema chini yake, na kila kifaa ndani yake kikisikika kuwa kizima. Alipozima, mlango wa jirani ulifunguka. Mama Gindu alitoka na mwiko mkononi.

Holo alijiandaa kuomba radhi. Alisema ni pikipiki yake, na kama inasumbua aambiwe tu.

Mama Gindu alitikisa kichwa. "Hainisumbui, mwanangu. Kumbe hurudi saa hizi? Miaka minane tumepakana ukuta, sijawahi kujua kama umefika." Akaugeukia mlango wake ulioachwa wazi. "Ugali uko motoni. Nawa mikono uje."